Na Mwenzake

Kila jioni kengele ilipogongwa, wafanyakazi wa kile kiwanda kidogo cha viatu vya shule walijipanga langoni, kila mtu mkoba wake ameufungua tayari na kuushika mbele. Mlinzi alikuwa mzee mrefu asiye na haraka na dunia, na neno lake kazini lilikuwa moja tu: "Fungua." Alilisema miaka mingi mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika, akabaki Mzee Fungua. Alitafuta soli, vipande vya ngozi, makopo ya gundi, chochote ambacho kingeweza kutoka mle ndani bila kulipiwa.

Mtu mmoja tu hakufungua. Bi Kisu, mkata ngozi, alikuja nyuma ya wote, mkoba begani, zipu imefungwa, shingo imenyooka utadhani amebeba mtungi kichwani. Alipita pembeni ya foleni, akasema, "Jioni njema, Mzee Fungua," akatoka zake. Na akipita, jicho lake lilimtafuta Bi Sindano kwenye foleni, kuhakikisha kwamba ameona. Jamani, kila mtu na starehe yake. Wapo wanaokwenda kucheza bao, wapo wanaolala mapema. Yeye starehe yake ilikuwa hiyo.

Maana tusifichane, Bi Kisu alikuwa na wivu. Si wivu wa kuchekesha, wa kutaniana. Wivu hasa, ule unaomkaba mtu kooni hata chai ikawa haipiti. Alikuwa amefika kiwandani zamani, wakati Bosi ana meza moja na kalibu tatu, yale maumbo ya mbao ya kuvalishia ngozi ili kiatu kipate sura ya mguu. Wakataji wengine huchora kwanza kwa chaki, wakapima, wakafuta, wakachora tena. Yeye aliweka kisu, akakata. Ndiyo maana akaitwa Bi Kisu, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi.

Halafu akaja Bi Sindano. Mshonaji, mdogo kwake kwa umri, mwenye kicheko cha kufanya watu wageuke. Mishono yake ilikuwa imenyooka hata ungedhani imeshonwa na mashine mpya, kumbe ile cherehani ilikuwa kuukuu, inakohoa. Jioni mume wake alimsubiri kwenye kona ya barabara ampokee mkoba. Ampokee mkoba! Mkoba wenyewe una nini, matofali? Bi Kisu, ambaye mume alimwacha zamani na hakurudi hata kuchukua shati lake, alikuwa akiiona kona ile kila siku na kusonya.

Siku Bosi alipomfanya Bi Sindano msimamizi wa chumba cha kushonea na kumvika ufunguo shingoni kwa kamba, Bi Kisu hakubisha hodi. Aliingia ofisini na kisu mkononi, si kwa ubaya, alisahau tu kukiweka.

"Mimi!" akasema. "Mimi niliyekukuta na kalibu tatu! Leo mtoto wa juzi ndiye wa kushika ufunguo?"

Bosi alikuwa mtu wa maneno matamu; angeweza kukukopa na wewe ukamshukuru. Alikitazama kile kisu, akasimama, akavuta kiti.

"Bi Kisu, kaa. Wewe nikufanye msimamizi? Nikushushe hivyo? Wewe ni mshirika wangu. Mwenzangu. Tulianza wote."

Kiti kile kikawa chake. Akawa anakunywa chai ofisini katika bilauri, wenzake wanakunywa uani katika vikombe vya plastiki. Fundi rangi akaletwa, na kwenye bango la langoni, chini ya jina la Bosi, akaongeza kwa herufi za kijani: NA MWENZAKE. Na Mzee Fungua akaambiwa mbele ya watu wote kwamba Bi Kisu hapekuliwi tena.

Mshahara? Ulikuwa ule ule. Tena ulipungua, kwa sababu Bosi alimweleza kwa upole kwamba mshirika halipwi saa za ziada, je, mtu anajilipa mwenyewe? Faida hakuiona hata kwa dawa. Shangazi yake alipofariki akaomba siku mbili akazike, Bosi akashika kifua: "Mwenzangu, ukiondoka wewe, nani atakata?" Bi Kisu akabaki, akakata, akalia juu ya ngozi. Kilemba cha ukoka hicho, mtu yeyote mwenye macho angekiona. Lakini aliyevikwa ndiye asiyekiona, maana kiko juu ya kichwa chake.

Na hata hivyo hakupata raha. Jioni, kabla ya kengele, alikuwa akiutundika mkoba wake kwenye msumari wa ofisini na kwenda karoni kusugua gundi vidoleni kwa mafuta ya taa. Akirudi, kila mara, kila mara, anakutana na Bi Sindano anatoka mle ofisini. Ati amekwenda kurudisha ufunguo. Kurudisha ufunguo kunachukua muda wote ule? Na mbona anatoka ameinamisha macho? Bi Kisu alikuwa akimpisha mlangoni bila kumsalimu, moyo unachemka. Kwa hiyo yeye ana kiti, lakini mwenzake ana siri. Heri angebaki bila kiti.

Mwisho wa mwaka mmoja Bosi akamzawadia Bi Sindano mkoba wa ngozi nyekundu kwa kazi nzuri. Watu wakapiga makofi. Bi Kisu naye akapiga, viganja vikamuuma. Siku chache baadaye, mabaki ya ngozi ile nyekundu, aliyopewa mkataji mwingine akate mkoba huo, yakiwa bado katika chumba cha kukatia, akakata vipande vya mkoba kama ule ule, bila kuchora, akavikunja, akavitia katika mkoba wake wa kawaida na kupita langoni. "Jioni njema, Mzee Fungua." Nyumbani akavishona kwa mkono. Lakini yeye mkataji, si mshonaji. Mshono ukaenda upogo kama njia ya mlevi. Mkoba ule ukakaa nyuma ya mlango, haukutoka hata siku moja.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka shule zikaanza kununua viatu vya bei rahisi kutoka kwingine. Kwanza zikapungua kazi za jioni. Kisha mishahara ikachelewa, kisha ikakoma kabisa, miezi mitatu mizima, Bosi akiwapa watu jozi za viatu wakauze wenyewe mitaani. Muuza ngozi, mtu mnene mwenye sauti ya kuita mnadani, akawa anakuja kila wiki kudai. Asubuhi moja wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo usio wao, na ilani ya mahakama imebandikwa: kiwanda kimefilisika, kila anayedai afike asikilizwe.

Kwa Bi Kisu balaa hilo lilikuwa na sura ya mtu. Mwenye nyumba wake alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi, alipe kodi au ahame. Baada ya hapo pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, kwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa na mwenye duka, na ambaye alikuwa amekwisha kumwambia, kwa ile sauti yake ya asali: "Dada, usihangaike. Stoo ipo, tutaondoa tu magunia." Bi Kisu aliapa kwamba heri alale barazani kwa watu. Mishahara ile mitatu, likizo alizonyimwa na kiinua mgongo cha miaka yote ile, ndivyo vilivyosimama kati yake na yale magunia.

Mkutano ulifanyika katika chumba cha kukatia, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikubwa. Mfilisi aliyewekwa na mahakama alikuwa mwanamke mfupi, miwani ameifunga kwa kamba, haongei haraka. Alikuwa ameweka mabenchi upande mmoja kwa wafanyakazi, na viti vichache upande wa pili kwa Bosi na wadai. Bi Kisu alipoingia hakusita. Akapita mbele ya mabenchi, akamwona Bi Sindano amebanana na wenzake, akaenda kukaa kwenye kiti, karibu na Bosi. Hata siku hiyo!

"Kazi yangu," mfilisi akasema, "ni kuuza kilichobaki na kukigawa. Lakini hakigawiwi kwa nguvu za mtu wala kwa kelele. Kuna utaratibu. Baada ya gharama za shughuli yenyewe, wanatangulia wafanyakazi: mishahara wanayodai, likizo, malipo ya kuachishwa kazi bila notisi. Baada yao wanaouza ngozi, gundi na wengine waliokopesha. Wa mwisho kabisa ni wenye kiwanda, na kwa kawaida zamu yao ikifika sufuria imekwisha kukwanguliwa."

Fundi gundi, kijana mwenye vidole vilivyoganda rangi ya kahawia, akasimama. "Mama, sisi Bosi alitupa viatu badala ya mshahara. Wengine bado tunavyo chini ya kitanda."

"Mshahara ni fedha," mfilisi akajibu. "Viatu hivyo tutavizungumza, lakini havifuti deni lenu. Na kila mmoja wenu anastahili barua ya kuonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani, hata kama kiwanda kimekufa."

Mabenchi yakanong'ona kwa furaha. Bi Kisu naye akatabasamu, kisha akaona kwamba mfilisi ameshaandika majina ya upande wa mabenchi na anafunga kalamu.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe ni nani, mama?"

Kabla hajafungua mdomo, muuza ngozi akainuka. "Huyo ndiye Mwenzake! Hamkuliona bango? Fulani na Mwenzake! Ngozi yangu aliikata yeye. Kama ni mshirika, basi na deni ni lao wote wawili. Alipe!"

Mfilisi akamgeukia Bosi. "Ni kweli?"

Na Bosi, mtu mzima yule, mvi kichwa kizima, akamtazama Bi Kisu kwa macho yale yale ya siku ya kiti. "Naam," akasema taratibu. "Mwenzangu huyu. Tumekuwa pamoja kwa shida na raha." Bila shaka! Deni likibebwa na wawili, nani asiyependa kusaidiwa mzigo?

Bi Kisu akainuka kitini. Kumbe kile kiti alichokikimbilia kilikuwa upande wa wanaolipa. "Mimi nilikuwa nakata ngozi tu!" akasema, na sauti ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Sikutia mtaji, sikuona faida, mimi ni mkata ngozi!"

"Bango ni rangi tu," mfilisi akasema. "Cheo mtu anaweza kupewa cha kumfurahisha. Mimi naangalia kazi ilifanywaje: ulikuwa unaamua au unaamuliwa? Kama ulikuwa unatumwa, unaruhusiwa na kukatazwa kama wenzako, wewe ni mfanyakazi, hata jina lako liandikwe juu ya paa. Ila mwenye kiwanda anasema hivi na wewe unasema vile. Nitafutie aliyekuwepo akashuhudia. Alhamisi tunakutana tena."

Bi Kisu akageukia mabenchi. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Na si kwa chuki tu, tuseme haki. Sufuria ilikuwa moja, na kila mlaji aliyeongezeka alipunguza tonge la mwingine.

"Sisi tulikuwa tunakuona ukinywa chai na Bosi, dada," fundi gundi akasema. "Mliyokuwa mkizungumza humo hatuyajui. Aliyekuwa akiingia ofisini ni Bi Sindano peke yake."

Loo! Kati ya watu wote!

Siku mbili alijizungusha chumbani kwake akitafuta mtu mwingine. Akamfikiria Mzee Fungua, lakini Mzee Fungua angesema nini zaidi ya kwamba hakumpekua? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ya tatu, mchana, akajifunga kanga mpya na kwenda.

Bi Sindano alikaa vyumba viwili nyuma ya ua. Mume wake alikuwa nje akipigilia mguu wa stuli, akasema, "Karibu, dada yetu," kwa uchangamfu ambao Bi Kisu aliuona kama matusi. Ndani mapazia yamepigwa pasi. Nani hupiga pasi mapazia? Na ukutani, kwenye msumari wake peke yake, unaning'inia mkoba mwekundu.

"Nimekuja," Bi Kisu akasema.

"Nimekuona, dada. Kaa."

"Sikai sana. Unajua kilichonileta."

Bi Sindano alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja. "Unataka niende niseme wewe ni mfanyakazi kama sisi."

Hilo "kama sisi" lilimwingia Bi Kisu kama msumari wa soli. "Ndiyo."

"Kama mimi."

"Si nimeshasema ndiyo! Unataka niimbe?"

Mume akacheka huko nje. Bi Sindano hakucheka. Aliweka nguo chini. "Nitakwenda. Lakini mimi nikianza kusema sichagui. Nitasema ya mle ofisini yote, na mengine hutayapenda."

Bi Kisu alirudi nyumbani karibu aruke kwa hasira na furaha kwa pamoja. Ya mle ofisini! Kwa hiyo ni kweli! Miaka yote ile ya kutoka ameinamisha macho, kumbe alikuwa na lake na Bosi, na sasa atalisema mwenyewe mbele ya watu. Akamhurumia hata yule mume na stuli yake. Usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu kuliko wa mwezi mzima.

Alhamisi chumba kilijaa. Bi Kisu safari hii hakukaa kwenye kiti wala kwenye benchi. Alisimama karibu na meza yake ya zamani. Bi Sindano akaitwa mbele. Akasema kwamba Bi Kisu alikuwa akifika kazini kwa saa aliyopangiwa na Bosi, na siku aliyochelewa alikatwa mshahara kama mtu yeyote. Akasema Bi Kisu aliomba ruhusa ya kumzika shangazi yake akanyimwa, na kwamba yeye mwenyewe alimsikia akilia mezani. Bi Kisu hakujua kuna aliyesikia. Mfilisi alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuandika.

"Lakini hakupekuliwa," muuza ngozi akapaza sauti. "Wafanyakazi wote wanapekuliwa langoni, yeye alipita kama malkia!"

Bi Sindano akapapasa shingoni, pale ufunguo ulipokuwa ukining'inia siku za kazi.

"Alikuwa akipekuliwa," akasema. "Kila siku. Nilikuwa nampekua mimi."

Mfilisi akaacha kuandika.

"Bosi alisema Bi Kisu ana kichwa kikubwa, langoni ataleta fujo, kwa hiyo apekuliwe bila kujua. Alipokwenda karoni kunawa, mimi naitwa ofisini nirudishe ufunguo, nafungua mkoba wake pale msumarini, naangalia, nafunga. Siku ya kwanza nilikataa. Bosi akaniambia wanaotaka kazi yangu wako wengi."

Bosi akaanza kusema, "Ilikuwa kwa usalama wa..." na mfilisi akamwinulia mkono anyamaze.

Bi Kisu hakusikia yaliyofuata mara moja. Yale macho yaliyoinamishwa mlangoni! Miaka yote alimwonea wivu mtu aliyekuwa anatoka kuchakura mkoba wake, na kiti chake, na bilauri yake, na shingo yake ndefu langoni, vyote vilikuwa vichekesho na yeye peke yake ndiye asiyejua. Akatamani sakafu ipasuke. Aibu ilimvaa kuanzia visigino. Halafu, katikati ya aibu hiyo, likamjia jambo la pili, baridi: kama alikuwa akipekuliwa kila siku, basi na siku ile.

Muuza ngozi naye hakuwa mjinga. "Aha! Sasa muulizeni alikuta nini! Ngozi yangu ilikuwa ikipotea. Mwizi hana haki ya kiinua mgongo!"

Mfilisi akavua miwani. "Ni swali la haki. Katika muda wote huo, Bi Sindano, ulikuta nini katika mkoba wake?"

Bi Kisu akayatazama macho ya Bi Sindano, na mara hii hayakuinama. Ngozi nyekundu, imekunjwa mara nne, chini ya kitambaa. Neno moja tu kutoka kinywani mwa yule mwanamke, na kesho anaondoa magunia stoo kwa mdogo wake. Angekuwa yeye, na mkoba ni wa Bi Sindano, angelisema? Angelisema. Angelisema kabla hajaulizwa, na kwa sauti ya juu. Alijijua.

"Kitana," Bi Sindano akasema. "Kitambaa cha mkononi. Na chupa ya manukato kama yangu."

"Kama yako?"

"Ile ile. Nikibadilisha, wiki inayofuata naye kabadilisha. Ila yake ilikuwa haina kitu, alinunua chupa tupu kwa wauza mitumba akawa anatia maji anusenuse."

Lo, kicheko! Mabenchi yakayumba. Fundi gundi akashika mbavu, hata mfilisi akajifanya anafuta miwani. Bi Kisu alisimama pale, uso unawaka, akichekwa na kiwanda kizima, na kila kicheko kilikuwa kikimsogeza mbali na stoo. Muuza ngozi akakaa chini akiguna.

Mfilisi alipokaza uso tena, alisema maneno machache tu. Mtu asiyetia mtaji, asiyegawiwa faida, anayekatwa kwa kuchelewa, anayenyimwa ruhusa ya kuzika na kupekuliwa mkoba, huyo si mshirika wa mtu. Ni mfanyakazi, na atalipwa pamoja na wafanyakazi, mwanzo na si mwisho, na saa zake za ziada alizodanganywa nazo zitahesabiwa. Deni la ngozi halimhusu. "Njoo ukae huku, mama," akasema, na akaonyesha benchi.

Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kando ya Bi Sindano. Bi Kisu akakaa. Benchi lilikuwa gumu.

Walipomaliza wakatoka wote pamoja. Mali ilikuwa sasa mikononi mwa mfilisi, kwa hiyo Mzee Fungua alikuwa amerudishwa langoni, na amri ni kwamba hakuna wa kupita hivi hivi. Foleni ikajipanga kama zamani. Bi Kisu akasimama nyuma ya Bi Sindano. Akalitazama lile bango juu, herufi za kijani zimeanza kubanduka.

"Mbona hukusema ya ngozi?" akamnong'oneza mgongoni.

Bi Sindano hakugeuka. "Uliishona?"

"Niliishona."

"Imekwenda upogo."

"Imekwenda upogo," Bi Kisu akakiri, na akashangaa kuona neno limetoka bila kumkwama. "Wewe ulinicheka? Ya chupa, ya ngozi. Niambie kweli."

"Ya chupa nilicheka. Na mume wangu tulicheka mpaka machozi." Foleni ikasogea hatua moja. "Ya ngozi sikucheka. Nilikikunjua kile kipande pale ofisini nikakishika. Hakuna chaki, hakuna alama, ukingo wote mkato mmoja. Mkoba niliozawadiwa mimi umekatwa kwa kuchora, ukiugeuza ndani chaki bado ipo. Nikajiambia, huyu mwanamke ameiba, nikamwite Bosi. Halafu nikaangalia tena ule mkato." Sauti yake ikabadilika. "Mimi nimejaribu kukata hivyo nyumbani, kwa siri, miaka. Sijaweza hata mara moja. Siku ile usiku sikulala."

Sauti ile Bi Kisu aliijua. Alikuwa ameisikia ndani ya kifua chake kila siku tangu mshonaji yule aingie kiwandani, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine anayo. Akamsogelea karibu zaidi.

"Kwa wivu?"

"Sasa unadhani kwa mbu?"

Bi Kisu alitaka kucheka, akaona macho yake mwenyewe yamejaa maji. "Mdogo wangu," akasema, neno ambalo hakuwahi kumwita.

"Kesho ulete huo mkoba," Bi Sindano akasema. "Niufumue nikuoneshe mshono. Na wewe ulete kisu."

Mzee Fungua akamaliza na Bi Sindano, akamruhusu. Kisha akamwona aliyefuata, akasita, akatazama pembeni kwa heshima ya zamani.

"Sema tu, mzee," Bi Kisu akamwambia.

"Fungua," mzee akasema.

Bi Kisu akaivuta zipu mpaka mwisho, akaupanua mkoba kwa mikono miwili. Mlikuwa na kitana, kitambaa cha mkononi, na ile chupa.